Kitabu Kilichopigiwa Debe Dirishani

Keti kidogo unisikilize, wewe unayenisoma kila wiki chai ikipoa kando yako, maana leo nina habari ya msiba na sitaki kuisema kwa haraka. Mkutubi wetu wa Kianda, kule Kibera, amefariki. Ni yule mama aliyekuja Nairobi kutoka Kitui akiwa msichana, akapanga chumba Kambi Muru, Kibera hiyo hiyo, na kuishi hapo miaka yote tuliyomjua, na ambaye vijana wa Kibera na wa Kawangware walimwita Madam, basi. Alilazwa kwa homa ya mapafu. Tuliambiwa anaendelea vizuri, kisha tukaambiwa mengine. Jumamosi tulikusanyika katika uwanja wa kanisa kumuaga kabla hajarudishwa kwao. Nitarudi kwenye uwanja huo, kwa sababu ndipo ilipo aibu ninayotaka kukueleza. Lakini huwezi kuielewa aibu yenyewe mpaka ujue kwanza mama huyu alivyokuwa akiziendesha Jumamosi zake.

Maktaba yake ni chumba kimoja kirefu, mabati juu, nondo madirishani, na meza zilizounganishwa katikati zikawa meza moja. Jumamosi ilikuwa siku ya vijana. Hakuwa na desturi ya kuwachagulia vitabu. Aliniambia mtu mzima akimwelekeza kijana kwenye kitabu, kijana husikia kama anaambiwa ameze dawa. Akiambiwa na kijana mwenzake, huuliza kitabu kiko wapi. Basi aliyerudisha kitabu alisimama akakipigia debe mbele ya wenzake. Alieleza kinavyoanza, nani yumo, nani anamtafuta nani, kisha akaachia pale ambapo yeye mwenyewe alishindwa kukifunga akalale. Akitaka kuuvuka mpaka huo, Madam aligonga kikombe cha bati kwa kijiko, na huo ukawa mwisho. Aliyevutiwa aliinua mkono, akakabidhiwa kitabu mkono kwa mkono, na tangu hapo aliyekipigia debe akawa mdhamini wake. Kikiwa kibaya, lawama ni zake. Ndiyo maana kila Jumamosi ilianza kwa ugomvi. Mimi natoka Kawangware na nilikuwa nikienda pale kubandika majalada yaliyochanika, na nakuambia sijawahi kusikia ugomvi mtamu kama ule wa mtoto wa Kawangware akimshtaki mtoto wa Soweto West ya Kibera kwamba alimsifia hadithi ambayo haina hata mwizi mmoja.

Kisha ukaja uchaguzi, na yaliyoufuata unayajua kama ninavyoyajua mimi. Chumba kilifungwa. Vitabu vingine vilibaki majumbani mwa watu, vingine viliungua pamoja na nyumba hizo. Mapatano yalipotiwa saini na barabara zikapitika, wazazi walikutana pale maktabani kuamua vijana watarudi vipi. Sitataja makabila, unayajua. Waliamua kuwe na zamu, kwa ajili ya usalama: wa Kibera asubuhi, wa Kawangware alasiri. Hivyo ndivyo ilivyosemwa kwa sauti. Kwa vitendo, mtoto aliyeishi Kianda, hatua chache kutoka mlangoni, aliambiwa aje alasiri na wa Kawangware ikiwa jina lake la pili, lile la ukoo, lilikuwa la upande ule. Kadi za maktaba zilikuwa na jina moja tu. Sasa Madam alisimama mlangoni akiuliza la pili. Alikubali kazi hiyo kwa moyo wa kulinda watoto, na kwa kuwa yeye mwenyewe hakuhesabiwa upande wowote, wazazi waliona hakuna anayefaa kuliko yeye. Hakuna aliyekumbuka kwamba watoto wale hawakuwa wamewahi kugombana isipokuwa juu ya vitabu.

Jumamosi ya kwanza alikuja msichana wa Kawangware asubuhi, si zamu yake, kitabu kikiwa ndani ya mfuko wa nailoni. Nilikuwa ndani na gundi yangu.

"Yako ni saa nane, mami," Madam akamwambia.

"Najua, Madam. Lakini mwenye alinipigia hii debe ni wa asubuhi. Niko na maneno na yeye."

Mzazi mmoja aliyekuwa akilinda mlango akakohoa. "Madam, si tulikubaliana?"

Mama wa watu akamtazama mzazi, akamtazama mtoto. Akatafuta njia ya kati. Alimwambia msichana azunguke nyuma, asimame nje ya dirisha, na mvulana anayetafutwa asogee upande wa ndani. Alidhani amefanya jambo la busara. Nami, Mungu anisamehe, nilidhani hivyo hivyo.

"Niaje," mvulana akasema kupitia nondo.

"Usiniambie niaje. Mbona hukusema mbwa anadedi mwisho wa hii hadithi?"

"Si ungekataa kusoma?"

"Ningejipanga. Nimelia mpaka mathe akadhani tumechomewa tena."

Vijana mle ndani wakacheka, kisha kicheko kikakatika chenyewe. Mvulana alishika nondo. Akauliza, "Kwani mko wapi siku hizi?"

"Kwa anti. Hii ndiyo kitu pekee nilitoka nayo." Akakipitisha kitabu kati ya nondo mbili, kikakwama, akakigeuza kikaingia kwa upande. "Soma tena. Safari hii wewe ndiyo utalia."

Jumamosi zilizofuata dirisha lile lilijaa. Wa asubuhi walikataa kuondoka kabla ya kukutana na wadhamini wao, wa alasiri wakaja mapema wakasimama kwenye matope. Vitabu vilipita kati ya nondo kama chakula kinavyopelekwa rumande. Madam aligonga kikombe chake hapo dirishani, akijaribu kuendesha mambo kama zamani, lakini nilimwona anavyokwepa macho yao. Siku moja tukifunga, aliketi kwenye benchi na kusema, "Mimi nilifikiria ninawazuia wasiumizane. Kumbe nimewafundisha kuuliza jina la pili. Jana dogo wa darasa la sita ameniuliza langu." Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Aliwaita wazazi akawaambia maktaba itakuwa na meza moja au itafute mkutubi mwingine, kwa kuwa yeye hataliuliza jina hilo tena. Walinung'unika. Mmoja akamuuliza kama atawajibika damu ikimwagika. Akajibu kwamba atakaa mlangoni yeye mwenyewe, atakayetaka kupigana aanze naye. Juma lililofuata zamu ziliondolewa, wote wakaketi meza moja, na hakuna aliyepigana. Ila yeye hakujisamehe. Kila nilipomsifia uamuzi huo, alinijibu kwamba watoto walisimama kwenye matope kwanza.

Sasa turudi uwanjani. Waliopanga viti waliacha njia katikati, kama ilivyo kawaida, ili jeneza lipite. Tukaingia mmoja mmoja na kila mtu akaketi. Hakuna aliyetuelekeza. Hakukuwa na kadi wala mlinzi. Nilikuwa nimeketi muda mrefu, nikisalimiana na jirani yangu kwa lugha ya kwetu, walipoingia wale vijana wa Jumamosi, wa Kibera na wa Kawangware pamoja, wakiwa na vitabu mikononi. Walikuwa wameomba kumpigia Madam debe mara ya mwisho. Wakasimama kwenye ile njia wakitazama kulia na kushoto. Yule msichana wa mbwa akaniinamia, kwa kuwa nilikuwa kiti cha pembeni, akaniuliza taratibu, kwa adabu kabisa, "Mzee, kwani hapa pia kuna zamu?"

Niligeuka nikatazama. Upande wetu ulikuwa wa watu wa lugha yetu tu, upande wa pili wa wale wengine. Waliomsikia waliinamisha vichwa. Vijana wale hawakuchagua upande. Waliketi chini, kwenye nyasi za ile njia, na jeneza lilipokuja ikabidi wabebaji wangoje wao wasimame.

Tumezoea kuandika magazetini kwamba vijana hawasomi na kwamba wanahitaji kufundishwa umoja. Nimeandika hivyo mimi pia, katika safu hii hii. Nilichokiona ni kwamba hawa wamejua kumwamini mtu wa upande mwingine awachagulie hadithi, wakamgombeza, wakamrudia tena wiki inayofuata. Sisi hatuwezi hata kuchagua kiti. Mama yule aliona kosa lake akiwa hai na akalirekebisha akiwa hai. Mimi nililiona langu jeneza lake likiwa njiani.

Kwa hiyo Jumamosi hii nenda maktaba iliyo karibu nawe. Keti karibu na kijana usiyemjua, anayesoma. Usimuulize anaitwa nani. Muulize kitabu chake kinaanzaje, kisha nyamaza mpaka aachie mwenyewe.