Shilingi ya Mzee Njuguna na sumaku yangu

Leo nimejibu swali ambalo hakuna mtu aliyeniuliza.

Mzee Njuguna, jirani yetu hapa Komarock, aliniletea redio kibandani kwangu nimtengenezee. Nikiifungua, akatoa shilingi ya ukoloni kwenye leso. Simba huku, mfalme kule.

“Ya marehemu baba,” akasema. “Ilikuwa kwa ndugu yangu Peter. Alinipa mwaka jana tulipopatana baada ya kukosana.”

Angeirudisha tu mfukoni, yaishe.

Lakini mimi na kiherehere changu! “Mzee, lete tuone kama ni orijino.” Hizi za kweli hazishikwi na sumaku, na mimi sumaku za spika ninazo tele.

Ta! Ikanasa.

Nikacheka, jamani. “Mzee, hii ni feki!”

Yeye hakucheka. Aliibandua polepole.

“Baba hakuwa na pesa feki,” akasema. “Kumbe Peter aliuza ile yenyewe.”

Akaondoka.

Ndio sasa akili ikanirudia. Na kama baba yao ndiye aliyepewa feki zamani bila kujua, na Peter akaitunza tu vile ilivyokuwa? Nikafunga kibanda, nikamkimbilia kwake.

Alinisikiliza hadi mwisho.

“Asante, msichana wangu. Lakini nimeshampigia. Nimemwambia asikanyage kwangu tena.”

Nikamwomba namba ya Peter nimweleze mimi mwenyewe.

Akasema ameifuta.

Watu wangu, mngekuwa mimi mngefanya nini? Niambieni, kwa sababu hapa nilipo sijui.