Siku Nilipokuwa Koroneli Mbele ya Watu wa Gesi

Naona aibu kulisema, lakini kijiji chetu cha Mute kizima kinalijua, na nusu ya mji wa Palma, huku kaskazini mwa Msumbiji, inalijua, sasa nikilificha nitamficha nani: mimi, fundi seremala, mtu mzima mwenye mke na binti, niliwahi kusimama mbele ya wakubwa wa serikali na wazungu wa gesi nimevaa viatu vya mvua, kofia ya ukindu niliyoipaka rangi nyeusi ya milango, na masharubu ya manyoya ya mbuzi, nikawafukuza watu kwenye ardhi yao. Haya, cheka. Wenzako walianza zamani.

Ilikuwa miaka ile gesi imeshaonekana baharini na Palma imevimba kichwa. Mtu aliyekuwa na kibanda cha kufugia mbuzi alikipaka chokaa akakiita hoteli, na aliyejua kusema "good morning" alitembea na kalamu mbili mfukoni. Kila mtu alikuwa ameandikisha jina kwenye kambi ya kampuni ya gesi kutafuta kazi (mimi pia, useremala, usinione nacheka wenzangu tu). Katika vurugu hizo akatokea bwana mmoja mnene kutoka kusini, viatu vimechongoka kama mdomo wa samaki chuchunge, akafungua mgahawa, halafu akapitisha pikipiki yenye spika vijiji vyote kutangaza kwamba Jumamosi kutakuwa na mkutano mkubwa wa mashabiki wa novela.

Novela yenyewe ilikuwa tamthilia ya runinga ya Wabrazili, tukiiangalia kila jioni kwa jirani mwenye jenereta, wote tumebanana kwenye mikeka. Alikuwemo Dona Filisbela, mjane tajiri, alikuwemo sista mmoja mwenye siri, na alikuwemo Koroneli Leopoldino, mwizi wa mashamba ya maskini, mwenye masharubu na neno lake moja ambalo hata watoto wa chekechea walilijua. Mama yangu, Bi Tima, hajui Kireno zaidi ya "bom dia", lakini novela ile aliijua kuliko aliyeitunga. Dona Filisbela alipougua, mama alimwombea dua. Sasa alipotangaziwa kwamba mwigizaji wa Koroneli mwenyewe anakuja Palma na utapiga naye picha, hakulala, hakula, na mimi mtoto wake wa pekee ningefanyaje?

Kiingilio kilikuwa cha kila kichwa, na sisi tulikuwa vichwa vinne. Ila spika ilisema: atakayevaa kama mmoja wa watu wa novela ataingia bure.

Bure! Neno hilo lilinikamata kooni mara mbili, na mara zote mbili nikaenda nalo kama mbuzi wa hitima.

Tukajivalisha. Mke wangu, Mwanashaa, akawa Dona Filisbela, na gauni lake lilikuwa mapazia ya kijani ya dada yake, aliyoyaazima bila kusema ya nini. Mama akawa sista. "Kwani hili si buibui tu, jeupe hapa shingoni?" alisema. "Ila msalaba sivai, nisije nikaulizwa kesho." Binti yetu Zainabu, wa miaka kumi na miwili, tukampa awe yatima wa jikoni, na kwa kuwa yatima wa jikoni huvaa nguo zilizochakaa, tukamwambia avae tu nguo zake za kila siku. Alilia sana. Na mimi, Koroneli. Masharubu niliyabandika kwa gundi ya mbao, gundi ileile ninayounganishia miguu ya vitanda, na mke wangu aliponiuliza kama itabanduka nikamwambia asinifundishe kazi.

Asubuhi tukasimama barabarani. Ikapita shapa ya abiria, kondakta akatutazama, akataka nauli ya watu wanne na nusu (nusu ilikuwa ya gauni). Nikampungia mkono aende zake. Hapo ndipo nilipojimaliza. Nyuma yake likaja lori jeupe lenye mabenchi na bango ubavuni la Kireno, nami nikasoma neno moja tu, neno la mkutano, likanitosha. Dereva akatukodolea macho.

"Nyie ndio kikundi?"

"Ndiyo, kikundi. Watu wanne."

"Mnaenda mkutanoni?"

"Ndiyo. Nauli?"

"Hakuna nauli. Pandeni."

Tukapanda. Ndani mlikuwa na watu kama thelathini, nyuso kama za watu wanaokwenda mazikoni. Mke wangu akaninong'oneza, "Baba Zainabu, mbona wenzetu hawakuvaa kitu?"

"Hao watalipa kiingilio," nikamwambia, na niliwatazama kwa dharau, jamani, niliwatazama kama vile mimi ndiye mwenye lori.

Palma tukateremshwa mbele ya hema kubwa, viti vya plastiki vimepangwa, soda zimejaa kwenye barafu, na dada mmoja mwenye orodha akatukimbilia mikono hewani. "Mmefika! Tuliambiwa gari lenu limekwama njiani!" Akatuvalisha vitambulisho shingoni, akatukalisha mstari wa mbele kabisa. Mama akanyoosha mkono, akapokea soda, akasema, "Umeiona heshima, mwanangu? Mtu akijipamba hupambika." Nami nikaamini. Nikakunja nne.

Halafu likafunuliwa turubai jeupe mbele yetu, na badala ya picha ya Koroneli ikatokea ramani. Ramani ya pwani yetu, na mstari mwekundu umezunguka vijiji. Akasimama bwana mwenye tai akaanza kusema kwa Kireno kizito, mkalimani akifuata: kiwanda cha gesi, eneo, watakaohama, watakakopelekwa. Nikahisi nimebanwa paja na vidole vya mke wangu.

"Huu si mkutano wetu."

"Nimeona."

"Basi tutoke."

"Tukitoka sasa watu watatuona."

Alinigeukia na mapazia yake yote. "Unafikiri mpaka sasa hawajatuona?"

Ningetoka. Wallahi ningetoka. Lakini meza ya wakubwa alikaa Bwana Amade, yule aliyepokea majina ya watafuta kazi kambini, na macho yetu yalikutana, akanitambua hata chini ya manyoya ya mbuzi, akaninyanyulia kidole gumba. Nikajiambia: fundi, huyu ameona unashirikiana na kampuni, ukinyanyuka sasa umeiaga kazi yako. Nikatulia. Nikamnyanyulia na mimi kidole. (Angalieni mtu anavyojichimbia.)

Yule mwenye tai akamaliza, hakuna aliyepiga makofi ila mama. Msema chochote akasimama akitabasamu: "Na sasa kikundi cha maigizo kitatuonyesha jinsi ya kuhama kwa amani na furaha!" Na kipaza sauti kikaja moja kwa moja mkononi mwangu.

Neno moja lingenitoa: samahani. Lakini nyuma yangu mama, ambaye mpaka dakika ile alijua tuko kwa mashabiki na kwamba ramani ile ni tangazo la biashara, alinisukuma mgongoni kwa ngumi. "Inuka, mwanangu! Sema lile neno lake!" Nikainuka. Watoto waliokuwa wamejipenyeza pembeni ya hema wakanitambua, wakapiga kelele "Koroneli! Koroneli!" Na mimi mjinga, kelele zile zikanipanda kichwani. Nikavuta mkanda wa suruali kama mjeledi, nikaupiga kwenye kiatu cha mvua, nikanguruma:

"Esta terra é minha! Quem não gostar, que se mude!"

Na mkalimani, kwa mazoea ya kazi, maskini, akatafsiri kwenye spika kubwa kwa sauti yake tulivu: "Ardhi hii ni yangu. Asiyependa na ahame."

Nimewahi kudondosha kabati la vioo kwenye ngazi za mteja. Kimya cha hemani kilikuwa kibaya zaidi.

Mstari wa tatu akainuka mzee mmoja wa kijiji cha pwani, tulikuja naye lori moja. Hakupaza sauti. Akasema, "Ahsanteni. Mikutano yote mmekuja na maneno ya sukari. Leo mmemleta mwenyewe, amesema." Akachukua kofia yake, akatoka. Na wenzake wakatoka nyuma yake, mmoja mmoja, halafu kumi kumi, viti vinaanguka, wanawake wanapiga mayowe, bwana mwenye tai anauliza kuna nini, dada wa orodha analia, na mama yangu amesimama juu ya kiti, amevaa usista, anashangilia. Alidhani tumeshinda.

Nikachukuliwa na askari mpaka nyuma ya hema. "Nani kakutuma? Chama gani?"

"Novela, shefe."

"Chama cha novela?"

Nikaeleza, sikueleweka. Mke wangu akaeleza, pazia moja likafunguka, ikabidi anyamaze alishike. Mwisho mama akamsogeza pembeni kila mtu, akamsimulia askari novela yote kutoka mwanzo, nani mtoto wa nani, sista anaficha nini, Koroneli kaiba shamba la nani. Askari alikuwa ameshika kalamu, polepole akaishusha. Akatazama huku na huku, akauliza kwa sauti ya chini, "Bibi, na ile Alhamisi? Kwetu jenereta liliishiwa mafuta. Yule mjane alikufa?"

"Hakufa," mama akamwambia. "Alijifanya."

Tukaachiwa. Tukaenda kwa miguu mpaka mgahawani, alasiri imeshapinda, tukakuta wafanyakazi wanapanga viti. Mwigizaji hakuja. Waliolipa walipigwa picha na sura yake iliyochapwa kwenye kitambaa, na kitambaa chenyewe kilikuwa kimekunjamana puani. Mama alikitazama sana. "Huyu ni mfupi," akasema, akageuka kwenda.

Masharubu yalikaa siku nne, yakatoka na ngozi. Kazi ya kambini akapewa kijana asiyejua randa na patasi ipi ni ipi, na Bwana Amade tukikutana husoma mabango ya ukutani. Shemeji yangu mapazia yake hajayatundika tena. Na mkutano ule ulirudiwa, kwa amani, bila maigizo, na ramani ileile.

Miezi kadhaa baadaye yule mzee alikuja Mute kwenye kibanda changu. Nilitamani niingie chini ya meza. Akanitazama mdomo, akaona kovu, akacheka kidogo, akasema anataka mlango, wa mninga, imara. Nikamuuliza, "Mzee wangu, mlango wa nini, na nyinyi mnahamishwa?"

"Nyumba siwezi kuibeba, mwanangu," akasema. "Mlango hung'oka."

Nikamtengenezea kwa mikono yangu miwili, sijawahi kutengeneza mlango kama ule. Tangu hapo kipaza sauti sikishiki. Juzi kwenye harusi ya Zainabu waliniita nitoe neno la baba wa bibi harusi, watu wote wamegeuka, wanangoja, wengine wameshaanza kuchekea mikononi. Nikainuka, nikamnyooshea kidole mama yake, nikakaa.