Mke Mwenza wa Udongo

Cornelia anauza maharage Sumbawanga mjini, na sokoni hakuna asiyeujua mdomo wake. Mteja akipekua gunia mara mbili bila kununua, ataulizwa kama amepoteza pete. Lakini tangu kikundi cha akina mama wa mtaa wake kilipokubaliana kwenda kutembelea Malungu, kijiji cha kale cha wafua chuma kilichohifadhiwa ng'ambo ya Matai, amekuwa mpole mpaka wenzake wakaanza kumwuliza kama anaumwa.

Haumwi. Malungu ni kwao. Amezaliwa huko, amekulia huko, na tanuru la baba yake hajawahi kulisogelea.

Ajabu hiyo ina maelezo yake. Chuma cha Ufipa kilishashindwa na majembe ya dukani zamani, kabla Cornelia hajazaliwa. Alipokuwa msichana mdogo, wataalamu walikuja kuwaomba wazee walioijua kazi ile wajenge tanuru moja na kuliwasha, ili isipotee kabisa. Baba yake ndiye aliyeongoza. Wakajenga mnara wa udongo wa kichuguu, mrefu kuliko mtu, wenye matundu upande wa chini yanayovuta upepo yenyewe, bila mivukuto. Sasa, kwa desturi ya kwao tanuru ni bibi harusi. Linapambwa, linaimbiwa, linawekewa dawa, na tangu dawa iwekwe mpaka chuma kitoke wafuaji hulala huko huko mbali na wake zao, na mwanamke hasogei. Chakula huletwa mpaka kwenye kichuguu kilicho njiani, basi.

Mbebaji wa chakula alikuwa Cornelia. Alitua kapu, akaita, baba akateremka na uso wa masizi, akalichukua, akarudi alikotoka. Nyumbani mama alipakua ugali wa ulezi aliousonga akisaidiwa na Cornelia, huku akicheka: "Mpelekee baba yako. Mke mwenzangu hajui kupika."

Mama alicheka, Cornelia hakucheka. Alimchukia yule mke wa udongo aliyemnyang'anya baba. Moto ulipozimika na mwiko kuisha, watoto wote walikimbilia kutazama, yeye akasusa. Kususa huko kukadumu miaka. Akaolewa mjini, akazaa, akafiwa na mume, akamzika baba, na kila alipokwenda Malungu ilikuwa msiba au mavuno. Chuki ilishageuka hamu bila yeye kujua ni lini. Alitaka kumwona kwa macho yake huyo aliyekuwa akilala na baba porini.

Mipango ya safari ilishikwa na Brightness, jirani yake aliyehamia kutoka Mbeya, mfanyakazi wa halmashauri. Binti ana moyo, na jambo likiingia mikononi mwake halilali. Akatafuta Coaster, akapanga iwe Jumamosi, akampigia simu Leonsi, mdogo wake Cornelia, ambaye ndiye mtunzaji wa Malungu. Alhamisi akaja kwenye meza ya maharage akichanua.

"Shikamoo mama. Nimewaandalia jambo! Nimemwomba mjomba Leonsi atuwashie tanuru. Yale ya kale hayaguswi, lakini hili la marehemu babu amekubali. Vijana wameshachoma na makaa."

Cornelia akaacha kupima maharage. "Umemwambia awashe moto?"

"Ndiyo, mama. Sasa twende mpaka kule tukatazame udongo uliopoa?"

"Mwanangu, huo uliopoa ndio niliokuwa nautaka mimi. Ukiwashwa, sisi sote tunaishia kwenye kichuguu."

Brightness akashika kichwa. Hakuna aliyemwambia. Leonsi naye hakuona la kueleza, maana kwake ilikuwa wazi kwamba akina mama wangetazama moshi kwa mbali. Binti akatoa simu aahirishe, Cornelia akamzuia. Ungekuwa moto wa kwanza tangu baba yao afariki, na wazee wa kijiji walikuwa wanachekelea kama watoto. Yeye ndiye awazimie? Lakini ilimuuma, na hakuficha. Magoti yake hayakuwa ya kupanda vilima kila mwaka.

Ijumaa hakufungua biashara. Alipanda basi la Matai, na kutoka hapo bodaboda, hotipoti ya ugali wa ulezi na samaki wa migebuka ikiwa mapajani. Alimkuta Leonsi amekaa kwenye kichuguu.

"Shikamoo dada. Si mnakuja kesho?"

"Marahaba. Wenzangu kesho. Moto umewaka?"

"Bado. Lakini dawa imeshawekwa. Ameshakuwa bibi harusi, dada. Unajua mwenyewe."

"Najua. Mwiko huo ni wa nani?"

"Wa wanawake."

"Wa wake, Leonsi. Bibi harusi hana neno na wanawake, ana neno na mke mwenza. Huyu kaolewa na nani?"

Leonsi akakuna kidevu. "Na baba."

"Basi mimi ni mtoto wa nyumba hiyo. Mtoto ana ugomvi gani na mama yake mdogo?"

Leonsi ni mtu wa kushika miiko, ndiyo maana alipewa utunzaji. Alitazama chini, akaitazama hotipoti, akamtazama dada yake aliyembeba mgongoni utotoni. Baba hakuwahi kuliruhusu hilo, wala hakuwahi kulikataza. Mwishowe akasimama, akampisha njiani.

"Usimguse tu," alisema.

Cornelia alipanda polepole. Tanuru lilikuwa jembamba kuliko alivyofikiri, limeinama kidogo upande mmoja kama mtu aliyechoka kusimama, limepakwa udongo mweupe shingoni. Miaka yote ile alikuwa akigombana na jitu, kumbe ni kijitu hiki. Akamwonea huruma. Akapiga magoti, kama mtoto wa Kifipa anavyofundishwa.

"Shikamoo, mama mdogo."

Bibi harusi hajibu mwenyewe. "Marahaba," alijibu Leonsi nyuma yake, na hakuwa anatania. "Anauliza mbona umechelewa hivyo."

Cornelia alijifuta uso kwa ncha ya kitenge.

"Mwambie," alisema, "nilikuwa nampikia mume wake."