Mbu wa Ndama na Mbu wa Kitanda

Tuliokuwepo uani kwetu, kijijini Kansay, siku ya kuondoka kwenda Ngorongoro ni mimi, wadogo zangu Neema na Safari, Daktari Rehema anayechunguza mbu, na dereva wake Basili. Bura, kitinda mimba wetu, hakuwepo. Malaria ilimchukua masika yaliyopita, ingawa alilala kwenye chandarua kila siku. Mimi ndiye niliyekuwa nakichomeka chini ya godoro, tangu wazazi walipofariki nikaacha shule darasa la sita.

Daktari alinieleza kwamba mbu wa malaria si aina moja. Wanafanana hata kwenye darubini. Vinasaba ndivyo vinavyowatenganisha. Wapo wanaomfuata mtu kitandani, na wapo wanaopenda ng'ombe, ila mtu akiwa karibu nao humuuma pia. Nilitaka kujua ni wepi waliomuua Bura. Alipotafuta mtu wa kukamata mbu huko Ngorongoro, nilikubali.

Saa tatu tulipita Karatu mjini, tukakaa foleni kwenye geti la hifadhi nyuma ya magari ya watalii. Kwenye ukingo wa kreta ukungu ulifunika kila kitu. Mchana tuliteremka upande wa Endulen, joto likarudi, na mbu nao.

Jioni tulipokelewa bomani kwa Nalepo, mama mtu mzima ambaye wote humwita koko, yaani bibi kwa Kimaasai. Analea mjukuu wake, Lemayan, aliyeugua malaria mara mbili tangu mvua zianze. Ndama wake hulala ndani, hatua tatu kutoka kitanda cha mtoto.

Kulipokucha niliingia na mrija wa kunyonyea mbu ukutani. Koko akacheka.

"Mwanaume mzima unanyonya mbu? Kwenu maziwa yameisha?"

"Yapo, koko. Hawa ni kitafunio."

Kisha akaacha kucheka. "Niambie basi. Ndama wananiletea mbu kwa mtoto, au wanaumwa badala yake? Nikiwatoa nje fisi atawala. Lakini kama wanamdhuru, nitawatoa."

"Nitakuletea jibu," nilisema, bila kumuuliza Daktari.

Alinipa maziwa kwenye kibuyu chake. "Utakirudisha siku ya jibu."

Saa mbili Daktari alihesabu vikombe vya mbu. "Kaka, wa kwenye ndama wako wapi?"

"Wamo humo, pamoja na wa kitandani. Si uliniambia wa ndani kikombe kimoja, wa zizini kingine?"

Hata kwetu Kansay ndama na mtoto hulala chini ya paa moja, na huko kote tunakuita ndani. Daktari aliufunga mfuniko taratibu. "Kosa ni langu pia. Sikuuliza ndama wanalala wapi." Kibali chetu cha kukamata mbu hifadhini kilikuwa kinaisha siku hiyo. Tulirudi Karatu, kibuyu mapajani mwangu.

Majibu ya maabara yalikuja baadaye. Aina zote mbili zilikuwemo kikombeni. Nani alikuwa kwa ndama na nani juu ya mtoto, vinasaba havisemi. Nimejifunza kwamba aina ya mbu inaweza kujulikana kabisa na bado usijue umwambie nini mtu aliyekuuliza. Kuhusu Bura, hata aina hiyo sikuijua.

Wiki iliyopita Basili alipita kule. Lemayan ameugua tena. Ndama bado wako ndani, kwa sababu koko ananisubiri mimi.

Kibuyu nimekiosha, kinaning'inia juu ya kitanda cha Bura. Sina jibu la kukirudisha nalo.