Kipande cha Nekesa

Mwanangu, iko siku moja ya palizi ninayoikumbuka hadi harufu ya udongo wake. Ilikuwa miaka ya sitini, kwetu Molo, upande wa Tororo, nami msichana mwenye mikono myepesi na ulimi mwepesi zaidi. Kaka yangu alikuwa ameoa Nekesa wa Lumino mwaka uleule. Kwetu mke mgeni alipimwa kwa jembe: kila mtu alipewa kipande chake katika shamba la wimbi, na aliyemaliza wa mwisho alitaniwa mpaka jioni. Fimbo ya kupimia nilishika mimi.

Nekesa alikuwa wa mwisho kila siku. Alikwenda hatua tatu, akasimama, akashika kiuno. Alipoolewa alikuwa na sauti ya kuongoza nyimbo kanisani. Kufikia palizi ile sauti ilikuwa ikikwaruza, nami nikasema ananuna. Nikaeneza kwamba kaka ameoa mvivu. Wajomba wakaanza kusema arudishwe kwao, na ng'ombe wetu warudi. Nakiri, nilifurahi.

Siku hiyo nilimwongezea hatua kumi, nione atafanya nini. Alifika katikati akaketi chini, midomo imebadilika rangi, makohozi yake yana damu.

"Wifi, mimi si mvivu," akasema. "Nalala nimekaa. Nikilala chini, pumzi inakataa."

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mama yangu alikuja akamshika mgongo, kisha akanitazama mimi.

"Kipande ulimpimia," akasema. "Pumzi yake ulipima?"

Nilichukua baiskeli ya kaka, nikamkalisha nyuma, nikaisukuma hadi hospitali mjini Tororo. Daktari alimsikiliza kifuani, akamlaza kwa ubavu wa kushoto, akasikiliza tena. Akapigwa picha ya kifua, kisha akabandikwa nyaya na mashine ikachora mistari kwenye karatasi. Daktari akatuonyesha. Katika picha, ndani ya kivuli cha moyo palikuwa na kivuli cha pili. Katika karatasi, kilima kidogo kinachotangulia kila pigo kilikuwa na vichwa viwili badala ya kimoja. Akasema chumba cha juu cha moyo, upande wa kushoto, kimetanuka. Mlango wake ulikuwa umekakamaa kwa sababu ya homa ya viungo aliyougua utotoni, kwa hiyo damu ilirundikana humo na kurudi nyuma hadi mapafuni. Hata sauti, akasema, imeharibika kwa kuwa chumba hicho kinabana mshipa wa fahamu unaoiendesha. Nikakumbuka nilivyosema ananuna, nikaona haya.

Ndipo nikakaza moyo. Niliwaendea wajomba wote, mmoja mmoja, nikawaambia nilisema uongo. Mmoja alinifukuza, nikarudi kesho yake. Nekesa hakurudishwa. Kipande chake nililima mimi baada ya changu, na kila mwezi nilimpeleka Tororo kudungwa sindano ya kuzuia homa ile isirudi, mvua inyeshe isinyeshe. Hakupona kabisa, maana chumba kilichotanuka hakikurudi kilivyokuwa, lakini alikaa nasi palizi tisa zaidi. Mama alimkabidhi yeye ile fimbo. Kila mara kipande changu alikipima kirefu kuliko vyote, kisha akanicheka kwa ile sauti yake ya kukwaruza. Naikosa sauti hiyo.

Basi sikia, mwanangu. Ukimwona mtu anasimamasimama njiani, analala ameketi, anakohoa damu au sauti imemwacha, usimwite mvivu. Mpeleke akasikilizwe kifua. Mtoto akiumwa viungo kwa homa, usingoje. Na ukishamsema mtu vibaya, nenda ukayafute maneno yako mlango kwa mlango, hata wakikufukuza. Mungu akujalie pumzi ndefu, na siku utakayopungukiwa, usikose wa kukulimia kipande chako.