Godoro Chini Bila Maiti

Nasema mapema ili tusisumbuane: mimi nakaa. Kila asubuhi, kabla ya kubeba beseni langu la nyanya kwenda mpakani, nakaa chini dakika kumi, nafumba macho, na sifanyi kitu. Siombi, siimbi, silali. Nimeitwa mvivu, nimeitwa mchawi, nimeambiwa kichwa kimeniruka. Sawa. Dua la kuku halimpati mwewe, na kesho asubuhi nitakaa tena.

Aliyeniingiza katika mambo haya ni muuguzi wa kituo cha afya, msichana mwembamba ambaye ningeweza kumzaa. Nilikwenda kwake kwa sababu kichwa kilikuwa kinanigonga wiki nzima. Akanifunga ule mpira wa kupimia mkononi, akatazama, akaufungua, akaufunga upya kama mtu asiyeamini macho yake. Tansiyo, yaani presha ya damu, ilikuwa kumi na nane, na ya mtu mzima salama ni kumi na mbili. Akaniuliza kama katika ukoo wetu kuna mtu aliyewahi kuanguka ghafla. Nikamjibu kwamba yuko, na ni mama yangu.

Mama yangu alinunua nyanya kwa wakulima wa Nyakarenzo na kuzivusha mpaka hadi Bukavu kichwani, miaka yote niliyomjua. Siku ile tulikuwa tunarudi, tumeshavuka daraja la mpakani la Rusizi ya Kwanza, tunapanda kilima cha kurudi Kamembe. Yeye mbele na furushi la vitenge kichwani, mimi nyuma. Nilimwambia nimechoka, tukae kidogo. Akasema bila kugeuka kwamba tutapumzika nyumbani. Hakufika nusu ya kilima. Alianguka na furushi lake, na hata mkono wa kujikinga hakuutoa. Alikuwa na miaka arobaini na minane, na mimi siku ile mbele ya muuguzi nilikuwa na arobaini na saba.

Muuguzi alinipa vidonge, akanieleza namna ya kuvimeza, kisha akaongeza lile la kukaa. Nikae chini mgongo ukiwa wima, nifumbe macho, nihesabu pumzi mpaka kumi, nikifika nianze tena moja. Wazo likija nisigombane nalo. Sauti ikija niiache ipite. Nilicheka mbele yake bila adabu. Nikamwambia hayo ni mambo ya watalii wa kwenye mahoteli ya ziwani, mimi ni mtu wa soko, nikikaa dakika kumi wenzangu wanavuka na nyanya zangu zinabaki. Hakukasirika. Aliniuliza swali moja tu, polepole.

"Maman, unabebaka kila siku. Kutua unatuaka saa ngapi?"

Swali hilo liliniudhi zaidi ya ile kumi na nane. Nilirudi nyumbani nikimsonya njia nzima.

Nilianza kesho yake ili nimwonyeshe kwamba haiwezekani. Nilikaa uani kwenye kiti cha plastiki. Pumzi ya kwanza, ya pili, na ya tatu ilikuwa tayari ni nyanya: zile za chini ya beseni zimeiva mno, niziuze kwanza. Nikaanza upya. Moja, mbili, nikamkumbuka mwanamke wa Bukavu aliyenichagulia mahali pabaya sokoni mwaka juzi, nikamjibu moyoni maneno ambayo sikumjibu siku ile, tena mazuri sana, na nilipofumbua macho nilikuwa nimekunja ngumi. Siku ya tatu kuku alipanda mguuni. Siku ya nne nilikilaza kichwa kwenye kiti na nikakoroma. Bwana yangu hakuwepo kuniona, namshukuru Mungu. Ni fundi mwashi, wiki nzima anajenga Bukavu, anarudi Jumamosi.

Lakini siku ya tano nilifika kumi. Pumzi kumi nzima, bila nyanya na bila yule mwanamke. Nilishangaa kuona ukimya huo mdogo ulikuwa ndani yangu siku zote na hakuna aliyewahi kuniambia. Ndipo nikataka kufanya vizuri. Kiti kinanilaza, nikajiambia, basi nitakaa chini. Sakafu ya saruji ni baridi. Nikavuta godoro la sponji kutoka kitandani, nikaliweka chini sebuleni kando ya ukuta, nikavaa kitenge, nikajifunga kitambaa kichwani dhidi ya baridi, nikakaa. Umeme ulikuwa umekatika, hivyo nikaacha mlango wazi mwanga uingie.

Anayetoka kwetu ameshaelewa. Kwetu, awe Mkristo awe Mwislamu, mwanamke hakai asubuhi kwenye godoro lililolazwa sakafuni sebuleni, mlango wazi, kichwa kimefungwa, ila ana maiti. Ndivyo kilio kinavyokaliwa. Najua hilo tangu utoto, na juu ya godoro la namna hiyo nilimlilia mama yangu. Asubuhi ile halikunijia hata chembe. Nilikuwa nahesabu.

Jirani yangu, mke wa fundi cherehani, alikuja kuomba kaa la moto la kuwashia mbabula yake, jiko lake la mkaa, maana sisi mkaa wa asubuhi tunagawana. Alifika mlangoni akaniona. Hakunisalimu, kwa sababu mfiwa hasalimiwi kwa kelele. Alivua kandambili, akaja akakaa kando yangu, akaanza kulia.

Nilimsikia. Naapa nilimsikia vizuri. Lakini niliambiwa sauti ikija niiache ipite, na mimi nikishikwa na jambo nalifanya. Nikaiacha ipite. Nikasikia na ya pili, nikaiacha. Nikasikia mabenchi yanaburutwa uani, nikajisemea: iache, ipite. Sijawahi kukaa vizuri kama siku ile. Nilipofumbua macho kulikuwa na wanawake sita kwenye godoro langu, mwingine jikoni kwangu anaosha maharage, na jirani amenishika mkono ananiuliza kwa sauti ya chini: "Maman, ni nani njo alikufa? Ni Papa?" Alimaanisha bwana yangu.

Nikasema hakuna aliyekufa, nilikuwa nahesabu pumzi. Wakatazamana. Mmoja akasema maskini, kilio kimempanda kichwani. Kadiri nilivyokana ndivyo walivyolia, na nilipoanza kufoka wakanilaza kwa nguvu na kunimwagia maji usoni. Habari ikateremka mpaka darajani, ikavuka, na saa nne bwana yangu akiwa juu ya jukwaa anapiga lipu akaambiwa kwamba yeye mwenyewe amekufa. Alikuja kwa miguu, saruji mpaka kwenye nyusi, akiwapungia watu mkono njiani ili wamwone. Alipoingia, akakuta mabenchi na sufuria, akauliza maharage ya kilio chake yameiva au bado. Akala. Ndiyo maana niliolewa naye.

Watu walicheka mpaka jioni. Wa kanisa letu hawakucheka. Jumapili, rais wa kina mama alinijia nyumbani na wenzake wawili, wakakataa soda. Alisema nimefanya makosa mawili. La kwanza, mtu anayekaa kilio bila maiti anaita maiti: lisemwalo lipo, kama halipo laja. La pili, kukaa kimya bila kumtaja Mungu ni kuacha nyumba wazi, na nyumba wazi huingiwa. Sisi tunaomba kwa sauti, Mungu wetu hafichwi mdomoni. Kwa hiyo, akasema, nitatubu mbele ya kanisa, nitaacha kukaa, na lile godoro nitalileta liombewe. Nisipofanya hivyo, sitawaanzishia tena kina mama nyimbo, kazi niliyokuwa nayo miaka kumi na mmoja.

Sitajifanya shujaa. Niliogopa. Sikuogopa kwa ajili ya nyimbo, niliogopa kwa ajili ya bwana yangu kwenye lile jukwaa. Kila simu ilipolia nilidhani ni ya kuniambia ameanguka. Niliacha kukaa siku nne. Siku ya tano kichwa kilinigonga mpaka nikashika ukuta, na muuguzi alipopima ilikuwa imerudi kumi na nane ileile, ingawa vidonge sikuviacha. Nilikaa kwenye benchi lake nikilia kwa hasira. Nilikuwa nalazimishwa kuchagua nife vipi: kwa laana yao au kwa kilima cha mama yangu.

Kesho yake asubuhi nilikaa tena. Mkutano wa kina mama ulikuwa Alhamisi ya wiki iliyofuata, alasiri. Waliniachia kiti mbele kama mshitakiwa. Rais akaniuliza godoro liko wapi. Nikasema liko kitandani, kila asubuhi linashuka chini, na mimi juu yake. Kukawa kimya, kile kimya wanachosema kinaingiwa. Wengi wao walimjua mama yangu. Baadhi walikuwa wakivuka naye. Nikawaangalia hao, si rais.

"Mama yangu akishakufa mulikuja wote. Mulikaa juu ya godoro yake siku saba, mukaacha soko, mukaacha batoto, hakuna aliyesema kukaa ni mubaya. Siku yote ya maisha yake, ni nani kati yenu alimuambiaka: Maman, kaa kidogo? Hata miye nilimuambia mara moja tu. Mutu wetu mpaka akufe njo tunakaa. Miye nimekataa. Nitakaa nikingali muzima."

Mmoja mzee, aliyekuwa akivuka na mama, alifuta macho kwa ncha ya kitenge, lakini hakunitetea, na simlaumu. Rais akafungua daftari, akasema kwa upole kabisa kwamba nyimbo zitaanzishwa na mwingine.

Wamempa dada mmoja mwenye sauti nyembamba, anaanza juu mno, ubeti wa pili kina mama wote wanakohoa. Mimi nakaa benchi la nyuma na naimba kwa nguvu zote, maana hakuna kanuni inayonifunga mdomo. Jirani yangu bado anakuja kuomba moto. Sasa anachungulia, anaona nimefumba macho, anachota kaa lake kimyakimya na kwenda. Mara moja tu alikaa kando yangu akisema anapumzisha mgongo. Alidumu kidogo sana, kisha akakumbuka uji wake jikoni.

Mwaka uligeuka, nikafika arobaini na minane. Sikumwambia mtu. Siku hiyo nilivuka na nyanya, nikauza, na alasiri nikarudi na furushi la vitenge kichwani, daraja, kisha kilima. Mawingu yalikuwa yamekusanyika na kila mtu alikuwa anakimbilia juu. Kwenye kile kilima hakuna anayesimama. Ukisimama, wa nyuma yako anakutukana, na wabeba mizigo wanakupita wakikusukuma kwa viwiko. Miguu yangu ilikuwa inakwenda yenyewe, na nilisikia kabisa ile sauti: tutapumzika nyumbani.

Sikuiacha ipite. Nilitua furushi palepale, pembeni ya barabara, chini kidogo ya mahali alipoangukia mama. Nikakaa juu ya udongo, mgongo wima, nikafumba macho. Moja. Watu walinipita. Mbili. Mtu akatukana. Nilikuwa kwenye nne nilipoguswa begani, mbeba mizigo mmoja ametua gunia lake, ameinama, anahema usoni pangu kwa hofu.

"Maman, umeanguka?"

"Sikuanguka, papa," nikamwambia. "Nimekaa."

Kisha nikafumba macho tena, nikaanza upya kutoka moja, mpaka kumi.