Nilivyomfisha Mheshimiwa wa Wales

Jamani, hii aibu nimeificha miaka miwili, lakini kwa kuwa Mama Njeri, aliyekuwepo siku hiyo, ameshaanza kuisimulia kwa njia yake, acheni niiseme mwenyewe.

Mimi nafanya kazi kwenye nyumba ya wazee huku ughaibuni, mji wa Penrith, na mmoja wa ninaowahudumia ni mtoto wa lodi, yaani bwana mwenye cheo cha kurithi, kutoka Wales, aliyewahi kuwa mbunge kule Uingereza (jina nalihifadhi). Wakenya wa huku tulikuwa na sherehe yetu mtaa wa Westmead, mgeni wa heshima hakuna, na mnatujua, sherehe bila mheshimiwa wa kusomewa wasifu ni kama haijaanza, basi nikajitia kimbelembele nikasema nitamleta wangu. Mzee alifurahi mpaka akaomba tai yake ipigwe pasi. Akaniambia, "Keti dakika kumi nikueleze nilifanya nini bungeni, uandike." Shifti ilikuwa imeisha na treni sitaki inipite, nikamjibu asijisumbue, nitayapata kwenye simu.

Nikayapata kweli, jina lile lile, Wales ile ile. Siku yenyewe nikashika maikrofoni, nasoma Kiingereza huku natafsiri papo hapo (najiona mtangazaji kabisa): aliingia bungeni kijana, akachaguliwa mara saba, akawa waziri, akawatetea wachimba makaa, watu wanapiga makofi, na mimi nimepamba moto nikaendelea tu, "akafariki dunia akiwa usingizini, akaombolezwa na wengi."

Kwa mazoea, ukumbi mzima ukasimama. Mchungaji akafumba macho. Mzee, asiyejua Kiswahili hata neno, akaona watu wamesimama, naye akajikongoja na fimbo yake akasimama, akainamisha kichwa kwa heshima zote.

Mama Njeri akashindwa kuvumilia. "Wee! Si marehemu ndiye huyo amesimama hapo mbele?"

Watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Mzee akanivuta mkono, akauliza kumetokea nini, ikabidi nimweleze. Hakukasirika (afadhali angekasirika).

"Huyo ni baba yangu," akasema. "Kwetu jina hurithiwa pamoja na cheo. Maisha yangu yote watu hunitambulisha kwa mambo yake. Mimi nilichaguliwa mara moja tu, nikapigania daraja la kijiji kimoja mpaka likajengwa, kisha nikashindwa uchaguzi uliofuata. Nilitaka wasikie hilo daraja."

Hapo ndipo nilipoona haya hasa, kuliko kile kicheko chote. Nimeapa, wasifu wa mtu aliye hai nitauchukua kinywani mwake mwenyewe.